Nauli ya Mirihi itashuka, lakini hewa italipiwa na nani?

Septemba 2016, mjini Guadalajara, Mexico, Elon Musk, mwenye kampuni ya roketi ya SpaceX, aliwaonyesha wataalamu wa anga picha ya miduara miwili. Mmoja ulikuwa wa watu wanaotaka kuhamia sayari ya Mirihi, wa pili wa watu wanaoweza kuilipia safari hiyo. Miduara haikugusana popote. Kwa teknolojia iliyokuwapo, alisema, kumfikisha mtu mmoja kungegharimu kama dola bilioni 10. Kazi aliyojipa ni kuishusha gharama hiyo hadi dola 200,000, bei ya nyumba ya kawaida Marekani wakati ule. Mwaka 2019 akaandika kwamba nauli itakuwa chini ya dola 500,000 na huenda hata chini ya 100,000, kiasi ambacho watu wengi wa nchi tajiri wangekipata kwa kuuza nyumba zao. Tiketi ya kurudi, akaongeza, itakuwa ya bure.

Tangu hapo mjadala wa nani atamudu kuishi nje ya dunia umekuwa mjadala wa nauli. Wanaomshabikia wanasema itashuka, wanaombeza wanasema haitashuka. Mimi nakubaliana na mashabiki wake kuhusu nauli, kisha natofautiana nao kuhusu karibu kila kitu kinachofuata baada ya abiria kushuka.

Tuanze na haki ya upande wao. Mwaka 2018 mhandisi wa NASA, Harry Jones, alichapisha hesabu kwamba kilo moja iliyopandishwa kwenye mzunguko wa dunia kwa vyombo vya Space Shuttle iligharimu kama dola 54,500. Kwa roketi ya Falcon 9 ya SpaceX ilikuwa kama dola 2,700. Bei hiyo imeshuka mara ishirini. Sababu yake kubwa inaeleweka hata kwa asiye mhandisi: mafuta ni sehemu ndogo sana ya bei ya roketi, na sehemu kubwa ni chombo chenyewe, ambacho kwa miongo mingi kilitumika mara moja kisha kikatupwa baharini. Desemba 2015 hatua ya kwanza ya Falcon 9 ilirudi ikatua wima. Oktoba 2024 hatua ya kwanza ya Starship, roketi kubwa kuliko zote zilizowahi kurushwa, ilirudi ikadakwa na mikono ya chuma ya mnara ule ule ulioirusha. Anayesema bei haiwezi kushuka zaidi anabishana na kitu ambacho kimeshatokea.

Hata hivyo, kuna namba nyingine ambayo haikufuata mteremko huo. Mwaka 2001 Dennis Tito, mtalii wa kwanza kujilipia safari ya Kituo cha Anga cha Kimataifa, alitoa dola zinazokadiriwa kuwa milioni 20. Aprili 2022 abiria watatu wa kampuni ya Axiom walikwenda kituo hicho hicho kwa dola milioni 55 kila mmoja. Katika miaka ileile ambayo bei ya kilo ilikuwa ikiporomoka, bei ya kiti cha binadamu ilipanda zaidi ya maradufu. Mzigo hauhitaji kupumua, hauhitaji choo, na ukiungua njiani hauna familia inayousubiri. Gharama ya binadamu angani haitokani na uzito wake. Inatokana na kumweka hai, na hapo ndipo hesabu ya Guadalajara inaponyamaza.

Kipimo cha miaka ya kazi

Kabla ya kuhesabu gharama hiyo ya kumweka hai, tukipime kiti chenyewe kwa kipimo cha haki. Mwaka 1979 mwanafizikia Freeman Dyson alifanya jambo ambalo wachumi wangepaswa kulifanya mapema. Aliacha kuhesabu fedha, akahesabu miaka ya kazi ambayo familia moja ilihitaji ili ihame. Wale waliovuka Atlantiki kwa meli ya Mayflower mwaka 1620 walitumia, kwa hesabu yake, kama miaka saba na nusu ya mshahara kwa kila familia. Wamormoni waliohamia Utah mwaka 1847 walitumia kama miaka miwili na nusu. Makoloni makubwa ya angani yaliyokuwa yakipendekezwa wakati huo yangeitaka kila familia miaka 1,500.

Dola 200,000 kwa kipimo hicho ni kama miaka mitatu au minne ya mshahara wa kawaida wa Marekani, kwa mtu mmoja. Ni mzigo mzito unaobebeka, na hauko mbali na ule wa Mayflower. Kwa Mtanzania, ambaye pato la wastani la nchi yake kwa kichwa ni kama dola 1,200 kwa mwaka, ni zaidi ya miaka 160, bila kula wala kuvaa. Kwa hiyo tunaposoma kwamba nauli itafikiwa na mtu wa kawaida, tujue anayetajwa ni Mmarekani mwenye nyumba ya kuuza. Musk mwenyewe hakulificha hilo, alisema wazi kwamba anazungumzia nchi zilizoendelea. Lakini hata huyo Mmarekani tusimpongeze mapema.

Tani sitini kwa kila kichwa

Kituo cha Anga cha Kimataifa kina uzito wa kama tani 420, na kwa kawaida kinakaliwa na watu saba. Hizo ni tani 60 kwa kila mkazi: kuta, mitambo ya hewa, mitambo ya maji, paneli za jua, betri. Mwaka 2023 mitambo yake ilifikia uwezo wa kurudisha asilimia 98 ya maji, yakiwemo yanayotoka kwenye mkojo, jasho na pumzi. Pamoja na ufanisi huo, kituo kinategemea meli za mizigo zinazopanda kutoka duniani mara kadhaa kwa mwaka, nacho kiko kilomita 400 tu juu ya vichwa vyetu.

Mwaka 2019 NASA ilitoa orodha ya bei kwa kampuni binafsi zitakazopeleka wageni kituoni. Nampendekezea kila anayeota kuhama aisome kama anavyosoma mkataba wa kupanga nyumba. Matumizi ya mtambo wa hewa na choo yalikuwa dola 11,250 kwa mtu kwa siku. Chakula, dawa na mahitaji mengine yalikuwa dola 22,500 kwa siku. Uniti moja ya umeme ilikuwa dola 42. Mteja wa kawaida wa TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, analipa shilingi mia tatu na ushee kwa uniti, ilhali hiyo ya kituoni ilikuwa kama laki moja. Bei hizo za mwanzo zilikuwa na ruzuku ndani yake, na baadaye zilipandishwa.

Sasa tuchukue ndoto yenyewe kwa bei yake. Kule Guadalajara Musk alikadiria kwamba siku mfumo wake ukikamilika, tani moja itafikishwa Mirihi kwa dola 140,000. Tukubali bila ubishi. Tani 60 kwa bei hiyo ni dola milioni 8.4 kwa mkazi mmoja. Utaniambia kituo cha anga ni maabara, na mji mkubwa utagawana kuta na mitambo. Sawa, tupunguze mara kumi, zibaki tani sita. Bado ni dola 840,000, zaidi ya mara nne ya nauli iliyotangazwa. Na hiyo ni gharama ya kusafirisha tu, kabla ya kununua vinavyosafirishwa. Gari la utafiti la Perseverance, lililotua Mirihi Februari 2021, lina uzito wa kilo 1,025, na mradi wake wote uligharimu kama dola bilioni 2.7. Vitu vinavyotakiwa kufanya kazi miaka mingi bila fundi karibu havijawahi kuwa rahisi.

Ndani ya Perseverance mlikuwa na kisanduku cha rangi ya dhahabu chenye kilo 17, kiitwacho MOXIE. Ndicho chombo cha kwanza kutengeneza oksijeni katika sayari nyingine. Kazi yake ilikuwa kufyonza hewa ya Mirihi, ambayo asilimia 95 ni hewa ya ukaa, kuikandamiza, kuipasha joto la nyuzi kama 800 za Selsiasi, kisha kuichomoa oksijeni kwa umeme. Kiliwashwa mara 16 kati ya Aprili 2021 na Agosti 2023, na kila mara kilifanya kilichotarajiwa. Jumla ya oksijeni yote ni gramu 122. Mtu mzima anatumia kama gramu 840 kwa siku. Kazi yote ya MOXIE kwa zaidi ya miaka miwili ingemtosha mtu mmoja kwa saa tatu na nusu.

Sisemi hivyo kwa kubeza. Kilikuwa chombo cha majaribio, na kimethibitisha kwamba kemia inakubali. Ninachosema ni kwamba hewa ya Mirihi ni bidhaa ya kiwandani. Inahitaji mtambo mkubwa zaidi ya ule mara nyingi, umeme usiokatika, na vipuri. Njia kati ya dunia na Mirihi hufunguka vizuri mara moja kila miezi 26, na safari yenyewe huchukua miezi sita hadi tisa. Kifaa kikifa wiki moja baada ya meli za msimu kuondoka, kipuri chake kitafika baada ya zaidi ya miaka miwili. Kwa hiyo kila kifaa kinahitaji kipuri kilicholipiwa mapema na kuwekwa ghalani, na pengine kipuri cha kipuri. Gharama hiyo haiishi siku ya kuwasili. Siku hiyo ndiyo inapoanza.

Ongeza mionzi. Chombo kilichosafiri na gari la utafiti la Curiosity kati ya 2011 na 2012 kilipima kwamba safari ya kwenda na kurudi pekee ingempa mtu kama milisiveti 660. Kikomo cha NASA kwa maisha yote ya kazi ya mwanaanga ni 600. Mkazi wa kudumu atalazimika kuishi chini ya ardhi au nyuma ya kuta nene, na ukuta huo nao una mwenye kuulipia. Udongo wenyewe una chumvi za pakloreti, zilizogunduliwa na chombo cha Phoenix mwaka 2008, ambazo hudhuru tezi ya shingo. Kabla ya kupanda mchicha, udongo uoshwe.

Na kama kuna anayedhani mimea itatuondolea bili hii, jaribio kubwa lilishafanyika Arizona. Kati ya 1991 na 1993 watu wanane walijifungia katika jengo la kioo la Biosphere 2, lenye msitu mdogo, shamba na hata bahari ndogo, lililogharimu zaidi ya dola milioni 100. Waliishi kwa njaa muda mwingi. Oksijeni ilishuka taratibu kutoka asilimia 21 hadi kama 14, hali inayofanana na kupanda mlima mrefu na kubaki huko. Vijidudu vya udongo wenye rutuba viliila oksijeni vikitoa hewa ya ukaa, na zege la kuta likainyonya hewa hiyo. Hakuna aliyelikadiria hilo. Januari 1993 oksijeni ililetwa kutoka nje. Wale walikuwa Arizona, na lori liliweza kufika mlangoni.

Maskini walivukaje bahari?

Hapa ndipo watetezi wa makazi ya Mirihi wanapoitumia historia, na hawakosei kuianza, ila wanaiachia njiani. Wanasema maskini hawajawahi kumudu nauli ya kwenda ulimwengu mpya, na bado walikwenda. Ni kweli. Katika karne ya 17 vijana wengi wa Kiingereza waliofika Virginia na Barbados hawakuwa na nauli. Walisaini mkataba wa kumtumikia aliyewalipia, kwa kawaida miaka minne hadi saba. Hata abiria wa Mayflower walikuwa na deni kwa wafanyabiashara wa London, na walilimaliza mwaka 1648, miaka 28 baada ya kuwasili.

Sisi tunao mfano wa karibu zaidi. Kati ya 1896 na 1901 Waingereza walileta kama Wahindi 32,000 kwa mikataba kujenga reli kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria. Karibu 2,500 walikufa kazini. Wengi wa waliosalia walirudi kwao mkataba ulipokwisha. Kama 6,700 walibaki, wakawa mafundi, makarani, wakulima wa mboga na wenye maduka. Hao ndio watu wa kawaida waliohamia mbali, na walifanikiwa bila kuwa na nauli mfukoni.

Januari 2020 Musk aliulizwa kuhusu wasio na fedha, akajibu kwamba kutakuwa na mikopo, na kwamba Mirihi itakuwa na ajira nyingi. Ni mkataba ule ule wa Virginia na wa reli, umerudi kwa jina la mkopo. Tuupime basi kwa kigezo cha mikataba hiyo: mwisho wake unakuwaje?

Kijana wa bodaboda ya mkataba anaujua mwisho wake. Anapeleka hesabu kwa bosi kila siku, anavumilia mvua na trafiki, kwa sababu ipo tarehe ambayo pikipiki itakuwa yake. Siku hiyo ikifika, hesabu inakoma. Fundi wa reli aliyemaliza miaka yake alitoka kambini akiwa na vitu ambavyo mwajiri hakuwahi kuvimiliki. Mvua ilinyesha bila idhini ya kampuni. Ardhi ilizaa, na palikuwa na watu wa kununua na kuuza nao ambao si waajiriwa wa reli. Hata manamba wa mashamba ya mkonge ya Tanga, pamoja na dhiki yote aliyoipata, angeweza kuondoka usiku kwa miguu.

Mkazi wa Mirihi anayemaliza deni la nauli hana pa kutokea. Nje ya mlango kanieneo ya hewa ni chini ya asilimia moja ya ile ya hapa kwetu, na joto la wastani liko kama nyuzi 60 chini ya sifuri. Akigombana na mwajiri, hewa anayoivuta wakati wa ugomvi inatoka kwenye mtambo wa mwajiri. Mwajiri awe mwema au asiwe, muundo wenyewe unamfanya mfanyakazi awe mpangaji wa kila pumzi. Mama wa Kenya au Uganda anayekwenda Ghuba kufanya kazi za ndani, akanyang'anywa pasipoti, yuko katika hali mbaya sana, lakini ubalozi upo mjini na akichomoka mlangoni barabara ipo. Deni la nauli linaweza kulipwa. Kodi ya hewa haina siku ya mwisho.

Mshahara utatoka wapi?

Swali la pili la mkopo ni la kihasibu. Virginia ililipa madeni yake kwa tumbaku, Barbados kwa sukari. Mirihi itauza nini? Hakuna madini yanayojulikana huko ambayo bei yake hapa inastahimili gharama ya kuyachimba na kuyarudisha. Antaktika inatufundisha jambo hilo. Ina hewa ya bure, maji tele yaliyoganda, na inafikika kwa ndege. Hata hivyo, wanaokaa humo ni watu kama elfu moja wakati wa baridi na elfu kadhaa wakati wa kiangazi, karibu wote wakilipwa na serikali zao, kisha wanarudi nyumbani. Itifaki ya Mkataba wa Antaktika imezuia uchimbaji, ni kweli, lakini hata bila zuio hilo foleni ya wahamiaji haijaonekana.

Mahali pasipouza kitu panaishi kwa mfuko wa mtu mwingine. Kwa mradi wa SpaceX mfuko huo unajulikana. Tangu 2015 Musk amesema mapato ya intaneti ya setilaiti ndiyo yatakayogharimia mji wa Mirihi. Huduma hiyo, Starlink, iliingia Rwanda na Kenya mwaka 2023. Mteja wa Nairobi anayelipia kifurushi cha mwezi tayari ni mchangiaji wa mradi ambao hatapanda. Kinachonishangaza zaidi ni masharti ya huduma yaliyotolewa kwa wateja wa majaribio mwaka 2020. Yalikuwa na kifungu kinachosema Mirihi ni sayari huru na kwamba hakuna serikali ya dunia yenye mamlaka juu ya shughuli za huko. Wanasheria walikicheka. Mimi nakisoma kwa macho ya mfanyakazi, na ninachokiona ni mwajiri anayeandaa mahali pasipo mahakama ya kazi.

Sheria iliyopo inasema vingine. Mkataba wa Anga za Juu wa 1967, ambao Kenya na Uganda ni wanachama, unakataza taifa lolote kujimilikisha sayari, na unazifanya serikali ziwajibike kwa yanayofanywa na kampuni zao huko. Ila hauna hata mstari mmoja kuhusu mshahara, saa za kazi au haki ya mfanyakazi ya kurudishwa nyumbani. Mabaharia walipata haki hiyo baada ya vizazi vya kuachwa bandari za ugenini. Leo, chini ya Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006 na marekebisho yaliyoanza kutumika 2017, mwenye meli lazima awe na dhamana ya fedha ya kumrudisha baharia hata kampuni ikifilisika. Ahadi ya tiketi ya bure ya kurudi haina dhamana kama hiyo, na mafuta ya safari ya kurudi itabidi yatengenezwe Mirihi kwenyewe. Kufilisika si jambo la kufikirika: kampuni ya kibiashara ya mradi wa Mars One ulioanzia Uholanzi, uliotoza maelfu ya watu ada ya maombi na kuchuja mia moja waliotangazwa kuwa wahamiaji watarajiwa, ilifilisika Januari 2019 kabla ya kurusha chochote.

Jibu langu, basi, kwa swali la kama mtu wa kawaida atamudu: kufika atafika, pengine ndani ya karne hii, kwa sababu atahitajika. Mji wa mitambo unahitaji mafundi bomba na umeme kuliko unavyohitaji mabilionea. Atapelekwa kwa mkataba, kama waliomtangulia. Kukaa kama mwenyeji ni jambo jingine, na kunahitaji masharti ambayo roketi ya bei rahisi haiyaleti: hewa na maji viwe mali ya wakazi wote, vipuri muhimu vitengenezwe huko huko, na fedha ya kumrudisha anayetaka kuondoka iwe imewekwa benki hapa duniani kabla hajapanda. Mawili ya masharti hayo ni ya kisheria, na yanaweza kuandikwa sasa katika kamati ya Umoja wa Mataifa ya matumizi ya amani ya anga za juu, ambamo Kenya imo. Nchi zinazotoa vibarua kwa dunia zina sababu ya kuyadai kuliko nchi zinazotoa roketi, na hazihitaji kumiliki roketi hata moja ili kuyaweka mezani.